Ushahidi Uko Wapi? Stori ya Watu Waliohesabu Ndege Bila Kulipwa

Nyuma ya ploti tuliyokuwa tunaishi Eastlands kulikuwa na shimo kubwa la kuchimba mawe. Wachimbaji waliliacha kitambo, mvua ikalijaza, na maji yakabaki humo mwaka mzima. Sisi watoto tulikuwa tunaliita ziwa. Wazazi walikuwa wanaliita shida, kwa sababu ya mbu na kwa sababu kila likizo kulikuwa na mtoto mmoja aliyetaka kuogelea huko. Lakini lilikuwa na ndege, manze. Bata, korongo, kwarara wanaopiga kelele asubuhi kama makanga, na wale weusi kwa weupe wenye miguu mirefu myekundu, utadhani wamesimama juu ya vijiti. Na kuanzia Oktoba hivi kulikuwa na vindege vya kahawia vilivyokimbia-kimbia ukingoni mwa maji. Ikifika Aprili, vyote vimepotea.

Miaka michache iliyopita tukasikia shimo linajazwa mchanga, flati zinajengwa. Kukaitwa kikao cha wakazi kutoa maoni. Jamaa wa kampuni alikuja na ripoti nene, imefungwa vizuri, na ndani kulikuwa na mstari uliosema eneo hilo halina wanyamapori wa maana. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, akasimama akasema hiyo si kweli, hapa kuna ndege wengi sana na wengine wanatoka mbali. Jamaa hakukasirika. Alimuuliza tu kwa heshima: "Sawa mama. Ni ndege gani, wangapi, na rekodi iko wapi?"

Kimya. Hema nzima ya watu, wengine wameishi hapo miaka thelathini, na hakuna aliyekuwa na hata karatasi moja. Sai pale kuna flati za orofa saba.

Sitakudanganya ati orodha ya ndege ingesimamisha tingatinga. Pengine isingesaidia chochote. Lakini swali la yule jamaa lilinikaa kichwani, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Rekodi iko wapi? Na kama sisi hatuna, nani anayo? Nilianza kusoma, na nikakuta hapa Kenya kuna historia ndefu ya watu wa kawaida wanaoamka mapema kuhesabu ndege na wanyama bila kulipwa. Siku hizi inaitwa sayansi ya wananchi. Shuleni sikuwahi kufunzwa hata sentensi moja kuihusu. Kwa hivyo leo wacha nikupe stori yenyewe, kuanzia mwanzo.

Kabla ya daftari

Tuanze na kitu ambacho wengi wanaruka. Watu wa hapa walikuwa wanachunguza wanyama kabla mtu yeyote hajafika na daftari. Shosh yangu hakuwahi kushika darubini maishani mwake, lakini alikuwa akisikia ndege fulani akilia asubuhi anaenda kutayarisha shamba. Ukimuuliza amejuaje, anakuangalia kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi.

Mfano wenye ushahidi mzuri unatoka kaskazini. Wafugaji wa Kiborana huongozwa na ndege mmoja kwenye asali. Ndege anajua mzinga uko wapi lakini hawezi kuufungua bila kuumwa na nyuki. Binadamu ana moto na shoka lakini hajui mzinga uko wapi. Kwa hivyo ndege anaita, anaruka mti hadi mti, binadamu anafuata, na mwishowe kila mtu anapata chake. Wazee wa Kiborana walisema tangu zamani kwamba ukimtazama ndege huyo vizuri unaweza kujua mzinga uko upande gani na uko umbali gani. Wageni waliosikia hayo walichukulia ni hadithi za kando ya moto.

Kisha akaja Hussein Isack, mtafiti Mkenya wa Makumbusho ya Taifa. Pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, alifuatana na wavunaji wa asali na kupima kila kitu: muda, umbali, jinsi ndege anavyoruka. Mwaka wa 1989 walichapisha matokeo katika jarida la Science, mojawapo ya majarida makubwa zaidi duniani. Bila ndege, kutafuta mzinga kulichukua kwa wastani karibu saa 9. Ndege akiongoza, ilikuwa kama saa 3 na dakika chache. Na yale waliyosema wazee kuhusu upande na umbali yalikuwa kweli.

Fikiria hapo kidogo. Maarifa yalikuwepo kwa vizazi na vizazi. Ila ilibidi yaandikwe, yapimwe na kutiwa tarehe ndiyo dunia iyaamini. Unaweza kusema hiyo ni dharau, na mimi nitakubaliana nawe. Lakini pia ndiyo hali tuliyo nayo: kitu kisichoandikwa ni rahisi sana mtu mwenye ripoti nene kukikana.

Bunduki, halafu penseli

Mwaka wa 1909, Nairobi ikiwa bado mji mdogo wa mabati na matope, kikundi cha Wazungu kilianzisha chama cha watu wanaopenda viumbe: East Africa and Uganda Natural History Society. Walikuwa maafisa wa serikali ya kikoloni, wamishonari na walowezi. Mmoja wao alikuwa Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda na aliyekusanya ndege wengi mno hivi kwamba kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka wa 1938, miaka tisa baada ya kufa kwake.

Hao watu walikuwa na vitu vingi vya kuweka, na walihitaji mahali. Kwa hivyo mwaka wa 1910 wakaanzisha makumbusho madogo pale ambapo leo kuna Nyayo House. Baadaye yakahama, na mwaka wa 1930 yakafunguliwa juu ya kile kilima tunachokiita Museum Hill, yakiitwa Coryndon, jina la gavana. Baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Yaani ukipanda mat inayopitia Museum Hill, unapita kwenye kitu kilichoanzishwa na watu waliofanya sayansi kama kazi ya wikendi.

Lakini tusisahau hiyo sayansi ilifanywaje. Enzi zile ukitaka kuthibitisha umeona ndege, unampiga risasi, unamchuna, unajaza pamba ndani na kumfungia kibandiko mguuni chenye jina, mahali na tarehe. Jina lenyewe lilikuwa la bwana mwenye bunduki. Na nani alijua ndege analala wapi? Nani alibeba mizigo, nani alichuna ngozi usiku kwa taa ya mafuta ili isioze? Mara nyingi walikuwa Waafrika, na majina yao mengi hayako kwenye vibandiko. Nasema hivi si kwa sababu nataka tuchome makumbusho. Nasema kwa sababu tangu mwanzo swali lilikuwa lile lile: kalamu iko mkononi mwa nani?

Ng'ambo nako mambo yalikuwa yanabadilika. Marekani kulikuwa na desturi ya Krismasi ambapo vijana waligawanyika timu mbili, wakaenda msituni, na timu iliyoua ndege na wanyama wengi ndiyo imeshinda. Mwaka wa 1900 jamaa anaitwa Frank Chapman akapendekeza kitu tofauti: mwaka huu tusiwaue, tuwahesabu. Siku ya Krismasi watu 27 walitoka, wengine Marekani, wengine Kanada, na penseli badala ya bunduki. Hesabu hiyo haijawahi kukoma. Leo hushirikisha makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na ndiyo maana Wamarekani wanaweza kukuambia ndege fulani amehamia kaskazini kiasi gani tangu nyanya zao wawe watoto.

Kila Jumatano asubuhi

Hapa kwetu, ile klabu ya 1909 iliendelea. Leo inaitwa Nature Kenya, na mtu yeyote anaweza kujiunga. Iligeukaje kutoka klabu ya mabwana hadi kitu ambacho mimi na wewe tunaweza kwenda?

Jibu moja ni matembezi ya Jumatano. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mama mmoja anayeitwa Fleur Ng'weno amekuwa akiongoza watu kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, wakikutania Makumbusho ya Taifa. Kila Jumatano, mtu wangu. Marais wamekuja na kwenda, KANU imetoka, katiba imebadilishwa, na bado Jumatano asubuhi kuna kikundi cha watu wenye darubini. Huhitaji digrii. Unafika, unaonyeshwa, unauliza, na wiki ijayo unarudi ukijua ndege mmoja zaidi. Vijana Wakenya waliopitia hapo wengine walikuja kuwa waelekezaji wa watalii, wengine watafiti.

Na kadiri watu walivyotoka, orodha zilirundikana. Orodha moja ni kumbukumbu ya mtu. Orodha elfu, zikiwa na mahali na tarehe, ni ramani. Mwaka wa 1989, ule ule wa utafiti wa asali, Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha kitabu kiitwacho A Bird Atlas of Kenya. Waliichora Kenya yote kwa miraba, kila mmoja kama kilomita 55 kwa 55, wakaonyesha ndege gani ameonekana katika mraba upi. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Wanasayansi wachache hawawezi kufika kila pembe ya nchi hii kwa mshahara wa serikali. Kazi kama ile inawezekana tu kwa sababu watu wengi wa kawaida, wengi wao wageni na walowezi waliobaki, pamoja na Wakenya waliokuwa wakiongezeka, walikubali kutoa orodha zao bure.

Januari pale Ruai

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hesabu nyingine ikaanza. Kila Januari, watu wanaojitolea wanaenda na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kuhesabu ndege wa majini. Wanaenda Naivasha, Nakuru, Elmenteita, Bogoria. Na wanaenda pia, usicheke, kwenye mabwawa ya majitaka ya Nairobi pale Ruai.

Ndiyo, majitaka. Kile unachovuta asubuhi kwenye choo kinasafiri hadi yale mabwawa makubwa, na huko ndege wanakula minyoo na wadudu kama wako harusini. Ni mojawapo ya sehemu bora za kutazama ndege wa majini karibu na jiji. Mara ya kwanza nilipokwenda huko niliziba pua kwa dakika kumi, halafu nikasahau harufu. Nikaviona vile vindege vya kahawia vya utotoni, mamia yao, vinakimbia-kimbia ukingoni. Mzee mmoja aliyekuwa na darubini ya miguu mitatu akaniambia, "Hawa ni wageni, kijana wangu. Wanazaliana Ulaya na Asia, halafu wanakuja kwetu kukwepa baridi." Nilihisi kitu kifuani. Kumbe lile shimo letu la mawe lilikuwa stendi ya wasafiri wa kimataifa, na sisi tulikuwa tunawarushia mawe.

Kwa nini Januari? Kwa sababu ndio wakati hao wageni wako hapa, na kwa sababu nchi nyingi zinahesabu wakati huo huo. Ukihesabu mwezi mmoja kila mwaka, unaweza kulinganisha. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipoanza kupanda kuanzia karibu 2010, na flamingo wakaondoka Nakuru kwa wingi, wale waliokuwa wakihesabu kila Januari hawakuhitaji kubishana kama ni kweli. Walikuwa na namba za miaka ishirini za kulinganisha.

Namba hizo si za kupamba kabati. Mwaka wa 2011, UNESCO iliyaweka maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elmenteita kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sababu kubwa mojawapo ilikuwa ndege: wingi wao, na kwamba aina 13 kati yao ziko hatarini duniani. Huwezi kwenda mbele ya UNESCO na kusema "tuna ndege wengi sana, wengine wanatoka mbali." Wangekuuliza lile swali la yule jamaa wa ripoti.

Kuna pia upande wenye uchungu. Mwaka wa 2022 watafiti walichapisha ulinganisho wa hesabu za tai na ndege wengine wawindaji kwenye barabara za Kenya. Miaka ya 1970 watu walikuwa wameendesha gari wakihesabu kila waliyemwona. Kuanzia 2003 hadi 2020 wengine wakafanya hivyo tena. Kati ya aina 22, aina 19 zilikuwa zimepungua. Tai wala mizoga wanakufa kwa sumu ambayo mara nyingi iliwekwa kwenye mzoga ili kuua simba, na wengine wanauawa na nyaya za umeme. Sisi tuliozaliwa baada ya 2000 tungejuaje? Mbinguni hakuna tai, tunadhani ndivyo ilivyo. Bila wale walioandika miaka ya 1970, hata hatungejua kuna kitu tumepoteza.

Punda milia na graffiti za mathree

Sasa tuje zama zetu. Mwaka wa 2013 Kenya Bird Map ilianza, na kazi ya ile atlasi ya 1989 ikahamia kwenye simu. Kila mraba mmoja wa zamani sasa umekatwa vyumba 36, kila kimoja kama kilomita 9 kwa 9. Unachagua chumba chako, unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina ya ndege kwa mpangilio uliowaona, na programu ya BirdLasser inaweka mahali na saa yenyewe. Kisha unatuma. Mfumo wenyewe ulitoka Afrika Kusini, ambako umetumika tangu 2007. Yaani Waafrika tumekopeshana.

Lakini stori ninayoipenda zaidi ni ya punda milia wa Grevy. Huyu ndiye yule mkubwa, mwenye masikio ya mviringo na mistari myembamba, anayeishi kaskazini mwa Kenya na sehemu ya Ethiopia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa kama 15,000. Kisha wakapungua vibaya, na hakuna aliyekuwa na namba ya kuaminika, kwa sababu unahesabuje wanyama wanaozurura kwenye nchi kubwa kavu na wote wanafanana?

Hawafanani. Mistari ya kila punda milia ni yake peke yake. Tarehe 30 na 31 Januari 2016, zaidi ya timu 100 za watu wa kila aina, wafugaji, walinzi wa wanyamapori, familia, wanafunzi, hata balozi, waliingia kwenye magari katika kaunti tano na kamera mkononi. Maagizo yalikuwa mepesi: piga picha ubavu wa kulia. Zilikusanywa karibu picha 40,000, na programu ya kompyuta ikasoma mistari na kutambua nani ni nani.

Kwa nini siku mbili? Hebu nikueleze kwa mathree. Sema unataka kujua rauti yako ina matatu ngapi. Jumamosi unasimama steji na kupiga picha matatu 100. Kila moja ina graffiti zake, huwezi kuzichanganya. Jumapili unapiga tena 100, na unapolinganisha unakuta 50 uliziona jana. Maana yake, zile 100 za jana ni kama nusu ya zote zilizoko. Kwa hivyo rauti ina karibu matatu 200, hata kama wewe hujawahi kuziona zote. Hivyo ndivyo walivyofanya na punda milia. Jibu: 2,350 nchini Kenya. Wakarudia Januari 2018 na kupata 2,812. Na kwa sababu picha zinaonyesha pia watoto, walijua kama mifugo hiyo ya porini inazaa ya kutosha au inazeeka tu.

Kisha ukaja ukame. Kati ya Februari na Oktoba 2022, ripoti ya serikali ilisema ukame uliua ndovu 205 na punda milia wa Grevy 49. Ukisoma 49 haraka unaweza kusema, basi, si wengi. Lakini 49 kati ya wangapi? Kwa sababu watu walikuwa wameacha wikendi yao na kwenda kupiga picha mbavu za punda, tulijua kwamba ni karibu 2 kwa kila 100 ya wote waliopo nchini, tena wale walioonekana tu. Watu walipeleka nyasi kavu kuwasaidia. Namba ya chini ndiyo iliyofanya namba ya juu iogopeshe.

Na mbona nifanye kazi ya bure?

Najua unachofikiria. Vijana wa Kenya tumechoka kuambiwa "jitolee upate ekspiriensi". Kodi hailipwi kwa ekspiriensi. Nakubaliana na wewe kabisa, na sitaki mtu yeyote atumie neno sayansi ya wananchi kukwepa kumlipa mtafiti aliyesomea kazi hiyo. Kama ni kazi ya kila siku yenye bosi na ripoti, iwe na mshahara. Kujitolea ninakozungumzia ni asubuhi moja kwa mwezi, kwenye mtaa wako, kitu ambacho hata hivyo ungeweza kukifurahia.

Pia sio kweli kwamba kila mtu anaweza kwa urahisi ule ule. Darubini nzuri ni bei ya simu nzuri. Nauli ya kwenda Naivasha ni chapaa. Ndiyo maana ukiangalia ramani ya Kenya Bird Map, vyumba vya Nairobi, Bonde la Ufa na pwani vimejaa orodha, ilhali kaskazini kuna nafasi nyingi tupu. Utupu huo haumaanishi hakuna ndege. Unamaanisha hakuna aliyetuma. Na hata ndani ya Nairobi, nadhani watu wengi zaidi wanahesabu Karura kuliko Kariobangi. Ile tofauti ya 1909 haijaisha yote, imebadilisha sura tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wasee wanaosema hii ni mambo ya wazungu na wazee waliostaafu. Ukiwaachia, rekodi itakuwa ya mahali wanapoishi wao. Mtu akiangalia ramani akitafuta sehemu "isiyo na wanyamapori wa maana" ya kujaza mchanga, atapata wapi? Atapata kwetu, kwa sababu kwetu hakuna aliyeandika.

Jambo moja la kuwa makini: usianike kila kitu. Ukipata kiota cha ndege adimu au mnyama anayewindwa, usiweke mahali penyewe kwenye posti yako kwa sababu unataka watu wapende picha. Programu nzuri kama iNaturalist huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini, na kuna sababu.

Chumba changu

Mwezi uliopita nilirudi mtaa wetu wa zamani. Flati zimejaa, nguo zimeanikwa kila orofa. Nilijua sitaona korongo, lakini nilikuwa nimeapa kwamba chumba kile cha kilomita 9 kwa 9 kitakuwa na orodha yangu. Nilitembea saa mbili na nusu. Mwewe juu ya jaa la takataka. Kunguru. Kwarara wawili kwenye paa la kanisa. Shorewanda wanaookota makombo kibandani kwa mama wa chapati. Kwenye mtaro nyuma ya flati, pale maji machafu yanapokusanyika, nilikuta ndege mmoja mweusi kwa mweupe, miguu mirefu myekundu, amesimama peke yake.

Nilipata aina 23. Si nyingi. Lakini nilipobonyeza kutuma, tarehe na mahali vikaingia pale ambapo mtu yeyote anaweza kuvikuta.

Yule jirani aliyesimama kwenye kikao bado anaishi huko. Nilipita kumsalimia, nikamwonyesha orodha kwenye simu. Aliisoma polepole, akiniuliza kila jina ni ndege yupi. Halafu akaniuliza, "Na wewe utarudi lini tena kuwahesabu?"

Nimemwahidi Januari. Jumamosi ya pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na yeye amesema atakuja. Wewe chagua chumba chako.